Wifi Yangu, Mkalimani wa Sinema

Mwaka nilioingia chuo kikuu, kila niliyekutana naye kijijini kwetu Bungu aliniuliza nasomea nini. Wenzangu waliosomea ualimu au uhasibu walijibu kwa neno moja wakapita zao. Mimi nilisema, "Usimamizi wa sanaa na vyombo vya habari," na aliyeuliza alinyamaza, akidhani bado sijamaliza. Mwishowe mama yangu alichoka, akawa ananijibia: "Anasomea mambo ya redio." Watu wakaridhika. Ilikuwa miaka ambayo redio na televisheni za watu binafsi zilikuwa zikifunguliwa Dar es Salaam moja baada ya nyingine, na kusomea redio kulionekana jambo la maana kabisa.

Kaka yangu hakusoma kupita darasa la saba, lakini miaka hiyo ilimfaa yeye kuliko mimi. Biashara ya korosho ilipoachiwa watu binafsi, alianza kuzunguka vijijini kununua kwa niaba ya tajiri mmoja wa mjini, na msimu mmoja ukamwendea vizuri. Watu walidhani ataezeka nyumba. Yeye alikwenda Dar, akarudi juu ya lori amekumbatia televisheni iliyofungwa kwenye blanketi, na nyuma yake jenereta, deki ya video na sanduku la kanda. Akajenga banda karibu na pale mabasi yaliposimama ili abiria wapate kula. Nguzo zilikuwa za mikoko kutoka Nyamisati, paa la makuti, kuta za magunia yaliyoshonwa pamoja ili mwanga usiingie. Jioni wanaume walijaa kuangalia filamu za ngumi. Mchana banda lilikaa bure, na mchana huo ndio alioupata wifi yangu.

Wifi alikuwa mtu wa Mohoro. Mama yake alipika miaka mingi katika nyumba ya Wahindi waliokuwa na duka kule, na yeye alikulia kwenye jiko hilo, akicheza na watoto wao na kugombezwa kwa lugha yao. Familia ile ilipohama, lugha ilibaki kwake bila kazi. Basi siku moja, akiwa na jirani, alimpelekea kaka chakula bandani, wakamkuta anajaribu kanda ya Kihindi. Wifi akasimama na sahani mkononi, akaanza kumweleza jirani kinachosemwa. Kaka alikuja kula wali umekwisha kupoa, maana wale wawili hawakusogea mpaka kanda ikaisha.

Haukupita muda wanawake wa Bungu wakawa na sinema yao. Walikuja baada ya adhuhuri, vyombo vikishaoshwa, wakaondoka alasiri kabla waume hawajawatafuta. Walikuja na watoto wa kunyonya na mafungu ya ukindu, wakakaa kwenye mikeka wakisuka huku wanaangalia. Wifi aliketi kwenye kigoda pembeni ya televisheni, uso kwao. Mara kwa mara aligeuza shingo kutazama picha, kisha akawarudia.

Mara ya kwanza nilipomwona akiifanya kazi ile nilikuwa nimekuja likizo. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Kwenye kioo mama mkwe wa Kihindi alikuwa akimfokea mke wa mwanawe. Wifi akamfanya mama mkwe yule awe ametoka Chumbi, amefika na gunia lake la mpunga, na kila asubuhi anakwenda kulipapasa kama halijapungua. Wanawake wakavunjika mbavu. Mmoja akapaza sauti, "Wangu mimi ndivyo alivyo!" Wifi alimgeukia yule mke kijana kwenye kioo akamtia maneno mdomoni, maneno ya adabu lakini yenye makali, ambayo mke yeyote angeweza kwenda nayo nyumbani akayatumia jioni ileile.

Tulipotoka nikamuuliza, "Wifi, hayo yote yamesemwa mle?"

"Nusu nasikia, nusu naona."

"Na gunia la mpunga?"

"Si wewe ndiye wasomea redio? Nambie wewe."

Tulikuwa tukitaniana hivyo mimi na yeye, kama mawifi wa kwetu wanavyotaniana. Aliniita bibi chuo, akasema nitammaliza kaka yangu kwa madaftari. Mimi nilimwita Mhindi wa Mohoro. Mama alikuwa akitusikia kutoka uani, anatuambia tunyamaze, naye anacheka.

Katika wanawake wale alikuwapo mmoja aliyeolewa Bungu kutoka Nyamisati, shoga mkubwa wa wifi. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, na daima alikaa mkeka wa mbele na binti yake mdogo mapajani. Mumewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi lililotazamana na banda letu, duka la mabati, saruji na misumari, kubwa kuliko yote barabarani pale. Bwana huyo alikuwa akienda Dar kununua mabati, na kila safari ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Mkewe alikwisha kujua kwamba ana nyumba nyingine Mbagala. Alimwambia wifi peke yake.

Wifi hakumwambia mtu. Lakini siku ilipowekwa filamu ya tajiri mwenye wake wawili wasiojuana, alimfanya tajiri yule aage nyumbani kwa kusema, "Mke wangu, nakwenda kununua mabati." Kisha akajibu kwa niaba ya mke: "Mabati gani ya wiki nzima, na nyumba haijaezekwa?" Bandani hakuna aliyegeuka kumtazama mtu. Wote walielewa. Mwanamke wa Nyamisati alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, na waliokaa karibu naye wakamsogelea zaidi, mabega yakagusana. Mimi nilikuwapo, nikayaona hayo kwa macho yangu. Nilichofikiri ni kwamba wifi ana kipaji cha kuchukua mambo ya hapa na kuyatia kwenye hadithi ya mbali.

Mwaka wa tatu tulitakiwa kila mmoja kubuni mradi wa sanaa, kuuendesha, kisha kuuandikia ripoti. Wenzangu walichagua bendi za dansi na maonyesho ya michoro. Mimi nilichagua banda la kaka. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, mtu mwenye furaha na kazi yake, na nilipomweleza habari za wifi alisimama akaanza kutembea ofisini.

"Hapo umepata kitu," alisema. "Sasa nambie, hadhira yako ni nani?"

"Wanawake wa pale Bungu."

"Na wengine je? Mabasi yote ya kusini yanasimama mlangoni kwenu. Wale abiria hawana masikio? Kazi yako wewe ni kupanua hadhira."

Nilitoka mle nikiwa na moto. Nilikuwa nimesoma nadharia miaka miwili bila kujua nitaifanyia nini, na sasa mtu ameninyooshea kidole barabarani kwetu.

Nilikwenda Bungu na mpango wangu. Onyesho kila Jumamosi mchana, wakati mabasi mengi yanapita. Kipaza sauti. Bango kubwa kando ya barabara. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, akaongeza na lake: tupandishe spika ya tarumbeta juu ya banda, kama zile za mikutano ya siasa, ili hata aliye ndani ya basi asikie. Niliona wazo zuri kuliko yote niliyoleta mimi.

Niliyemwogopa ni wifi, kumbe yeye alifurahi kuliko sote. Alikishika kile kipaza sauti akakigeuzageuza.

"Hivi nikisema hapa, Kibiti watanisikia?"

"Kibiti mpaka upepo ukubali," kaka akasema.

Akacheka. Kisha akaniuliza mimi, bila utani, "Na shoga zangu watakaa wapi?"

"Palepale mbele."

"Na wanaume?"

"Nyuma, na nje."

Alifikiri. Nakumbuka alikuwa akisugua kipaza sauti kwa kidole gumba kama mtu anayefuta vumbi. "Haya," akasema. "Wewe ndiye mwenye elimu ya mambo haya."

Bango nililiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: Mama Mkalimani, sinema za Kihindi kwa Kiswahili, wote mnakaribishwa.

Jumamosi ya kwanza ilinitia kichaa cha furaha. Abiria waliacha chai zao mezani. Madereva walipiga honi na watu hawakutoka. Wanaume waliokuwa hawajui hata neno la filamu za Kihindi walisimama wameshikilia nguzo, midomo wazi. Wifi alivaa gauni jipya. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka kama cha watangazaji, kila neno mahali pake, na mama mkwe wa kwenye kioo alibaki Mhindi tangu mwanzo hadi mwisho. Wanawake walikuwapo, lakini ukindu wameuacha nyumbani. Walikaa wima, wamejifunika, wakacheka pale walipocheka wanaume. Niliona. Nikasema ni kuona haya tu, kutakwisha.

Jumamosi iliyofuata walipungua, na baadaye wakapungua tena. Mwanamke wa Nyamisati akaacha kuja kabisa. Nilimuuliza wifi sababu.

"Wasema wana kazi," akasema. Hakunitazama alipolisema hilo.

Lakini watu wa nje walizidi, na wifi alianza kuzoea. Ile sauti ya utangazaji ikamtoka. Akarudi kwenye mizaha yake, na kila mzaha ulipopokewa kwa kelele barabarani, alinogewa. Nilimwelewa. Alikuwa mwanamke aliyekaa miaka mingi na kipawa ambacho hakuna aliyekijua isipokuwa majirani, na sasa watu wa Lindi na Mtwara walikuwa wakimpigia makofi kupitia madirisha ya mabasi.

Kisha ikaja Jumamosi niliyokuja na kamera niliyoazima chuoni, maana ripoti ilihitaji picha. Mabasi matatu yalikuwa yamesimama. Kanda aliyoweka kaka ilikuwa ile ya tajiri mwenye wake wawili. Mimi nilikuwa nje, nimepanda juu ya pipa ili niwapate watu wengi kwenye picha. Sauti ya wifi ilikuwa ikitoka juu ya paa, kubwa, inasikika hadi sokoni. Tajiri akajiandaa kuondoka. Akamuaga mkewe. Na wifi, kwa mazoea, kwa kunogewa, sijui kwa nini, akasema, "Mke wangu, nakwenda kununua mabati."

Halafu likatoka na la pili: "Mabati gani ya wiki nzima, na nyumba haijaezekwa?"

Watu wa Bungu waliokuwa nje walilipuka. Wakageuka wote, kama waliovutwa kwa kamba moja, kutazama ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni kwake na mteja. Abiria hawakujua kinachochekwa, lakini kicheko huambukiza, wakacheka nao. Nami nikapiga picha. Zilikuwa nyuso nyingi sana, meno nje, macho yanang'aa. Ndipo nikashusha kamera nikamwona yule bwana anamalizana na mteja wake bila haraka, anaingia ndani, anavuta mlango wa duka.

Ndani ya banda wifi alikuwa amekwisha nyamaza. Filamu iliendelea kusema Kihindi peke yake juu ya paa, kwa muda mrefu, mpaka kaka akazima.

Mwenye duka hakuja kugomba. Kaka alimfuata magharibi ile, akamkuta anatia udhu. "Sina ugomvi na wewe wala na mkeo," alimwambia. "Mke wangu ndiye aliyenivua nguo." Kaka akamsihi, akamweleza kwamba mwanamke hata bandani hakuwapo. Akajibiwa kwamba maneno yale hayakuokotwa njiani.

Asubuhi yake pikapu ya kwenda Nyamisati ilikuwa imesimama penye njiapanda, na mwanamke yule ameketi nyuma na mzigo wake wa nguo na mto. Alikuwa ameshapewa talaka. Binti hakuwa naye. Wifi alikimbia kutoka nyumbani, khanga moja, miguu mitupu, na mimi nyuma yake.

"Shoga," alisema, ameshika ubavu wa gari. "Shoga yangu, nisamehe."

Mwanamke wa Nyamisati alimtazama, akasema kwa ile sauti yake ndogo ambayo nilizoea kuisikia ikicheka mkeka wa mbele. "Kwani mimi nilikwambia ukatangaze?"

Pikapu ikaondoka. Wifi alibaki amesimama palepale mpaka vumbi likatulia. Nilimshika mkono turudi, akautoa mkono wake polepole, bila hasira, kama mtu anayeondoa mkono wa mgeni.

Mchana huo nilipanda basi kurudi chuoni. Nilikuwa na mtihani. Ndivyo nilivyojiambia, na ulikuwapo kweli.

Ripoti niliiandika. Sikujua niandike nini juu ya siku ile, basi niliandika kwamba onyesho lilisimamishwa kwa sababu za kijamii. Mwalimu alipenda picha kuliko maandishi. Aliipitisha darasani. "Tazameni nyuso hizi," aliwaambia wenzangu. "Hii ndiyo hadhira." Nilipata alama nzuri, nikakaa kwenye kiti changu naona aibu ambayo hakuna darasani aliyeijua. Siku hizo nilidhani kilichoharibika ni bahati mbaya ya neno moja. Ilinichukua miaka ya kazi kuelewa kwamba wanawake walikwisha ondoka kabla ya neno lile. Walikuwa na mahali pao pa kusemea mambo bila kuyasema, wakapumua, wakarudi kwao. Sisi tukapandisha mahali hapo juu ya paa. Hawakugomba na mtu. Walisema wana kazi, wakaenda.

Kaka alishusha spika, akarudi kwenye filamu za ngumi mpaka watu walipoanza kununua deki zao wenyewe, na banda likageuka ghala la mkaa. Wifi hakuingia tena mle. Nilimwomba siku moja arudie sinema za mchana, za wanawake tu, bila kipaza sauti. Alinisikiliza kwa adabu. "Nimesahau Kihindi, dada," akasema.

Lile neno "dada" ndilo lililoniuma. Hakuniita tena bibi chuo, wala wifi. Nikija likizo alinipokea vizuri, akanitengea chakula kizuri, akaniuliza hali ya mjini. Nikimtupia utani, anatabasamu na kuacha upite. Mama alikuwa akikaa uani kimya, naye hakuwa na wa kumwambia anyamaze.

Nilimaliza chuo, nikapata kazi katika kituo kimoja cha televisheni mjini, kazi ya kupanga vipindi. Miaka mingi baadaye nilitumwa Mafia na wenzangu, tukaenda kupandia boti Nyamisati. Ilikuwa asubuhi. Tulisimama kwenye vibanda vya chakula penye gati, na aliyekuwa akikaanga samaki katika kimojawapo alikuwa yeye. Amenenepa kidogo, amefunga kitambaa kichwani, sauti ileile ndogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe si yule wa Bungu?"

"Ndiye mimi."

"Wifi yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie namsalimu." Akageuza samaki kwenye mafuta. "Yule binti wamwonaga? Wasema amekuwa mrefu."

Nilimwambia kwamba nimemwona dukani kwa baba yake, kwamba ni mrefu kweli na anafanana na mama yake. Aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa na maneno niliyoyabeba tangu ile siku ya pikapu, nikaanza, "Dada, ule mwaka..." Akanikata kwa kunipa samaki waliofungwa kwenye gazeti. "Nenda, wenzako wanapanda."

Nilipotoka Mafia nilipitia Bungu makusudi, nikampa wifi salamu zile. Alikuwa akichambua mchele. Akaacha.

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akaurudia mchele wake. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amevaa, amebeba kikapu cha mchele na korosho, anangoja gari la Nyamisati. Nilimwambia nitafuatana naye, nichukue mkoba wangu tu.

"La," akasema. "Wewe baki."

Nikabaki. Alirudi magharibi, macho yamevimba na uso umetulia, akaenda moja kwa moja jikoni kumsaidia mama. Tulikula pamoja, tukazungumza habari za mvua na bei ya mpunga. Yaliyosemwa kule hakunisimulia, nami nilijua sina haki ya kuuliza.